Mtu Asile Peke Yake

Mwaka ule mwalimu mkuu wetu alikuwa amechoka na maneno ya ukutani. Shule yetu ya sekondari pale Luzira, kama shule nyingi za Kampala, ilikuwa imeandika tunu zake kwenye ukuta wa ofisi kwa rangi ya buluu: heshima, bidii, ukweli, umoja. Wanafunzi walizipita kila asubuhi wakikimbilia mstarini, na sidhani kama kuna aliyezisoma baada ya wiki yake ya kwanza.

Katika kikao cha kufungua mwaka, kabla watoto hawajarudi kutoka likizo ndefu, mwalimu mkuu alisimama akiwa bado na mkoba wake begani.

"Mimi sitaki tena kusoma," alisema. "Nataka kuona. Kila darasa lichague lengo moja la mwaka, na liwe kitu ambacho nikipita uani nakiona kwa macho yangu. Mkiniambia mtakuwa na nidhamu, nitawauliza hiyo nidhamu imekaa kwenye dawati gani."

Tulicheka. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, anayetembea haraka kuliko sisi wote, na vikao virefu vilimchosha. Kikao kiliisha kabla chai haijapoa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa kidato cha pili. Nilikuwa nimekuja kutoka magharibi mwa Kenya miaka kadhaa nyuma, nikimfuata mume wangu aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki Nateete. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima, shule zikaanza kutafuta walimu, nami nikaacha kusimama dukani nikarudi darasani, mahali nilipopapenda zaidi. Watoto wangu walikijua Kiswahili kwa namna mbalimbali. Watoto wa askari walikuwa wakikisikia nyumbani tangu wachanga. Wengine walikuwa hawajawahi kukisikia ila kwa mtu mwenye bunduki anayeuliza kitambulisho. Tulizungumza kwa Kiswahili walipoweza, na walipokwama walichota Kiganda au Kiingereza, nami nilikuwa nawaacha wachote.

Siku ya kuchagua lengo, mapendekezo yalikuwa yale yale ya siku zote. Tuwahi. Tusipige kelele. Tufaulu. Niliyaandika ubaoni na kuuliza mwalimu mkuu atayaonaje akipita uani. Kiranja wa darasa akanyoosha mkono.

Kiranja alikuwa msichana mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alikaa na mama yake kwenye chumba cha kupanga, karibu na barabara ya kuelekea bandarini. Mama yake alikuwa akienda Ggaba alfajiri kununua samaki, akirudi nao nyumbani kuwakausha kwa moshi na kuwauza jioni.

"Mwalimu, mimi nasema hivi," alianza. "Mtu asile peke yake."

Watoto wengine walicheka. Yeye hakucheka.

"Mwaka jana nilipokuja hapa," aliendelea, "muhula mzima nilikula peke yangu. Nguo zangu zilikuwa zinanuka samaki. Nikikaa kwenye benchi, watu wanahama. Mnakumbuka. Wewe ulihama, na wewe. Sina kinyongo. Lakini nilikuwa nakula haraka haraka nimalize, niende nikajifanye nina kazi. Sitaki mtu mwingine wa darasa hili ale hivyo."

Alisema yote hayo kwa utulivu, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. Wale aliowaonyesha kwa kidole waliinamisha vichwa. Mvulana mmoja aliyekaa nyuma, Mwislamu, akauliza: "Na sisi tutakaofunga Ramadhani je?"

"Mtakaa na sisi," kiranja alimjibu. "Mtatuangalia."

Darasa likaangua kicheko, na lengo likapita.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri kuangalia. Kengele ya mchana ikilia, watoto walipanga foleni jikoni na sahani zao za plastiki, wakapewa ugali na maharage, ugali ambao hapa wote wanauita posho. Darasa langu lilikuwa limesogeza mabenchi yote kwenye baraza la maktaba, yakawa kama meza moja ndefu isiyo na meza. Aliyechelewa foleni alisubiriwa. Mmoja aliyezoea kujificha kwa sababu hakulipiwa chakula cha shule na alikuja na viazi vyake kutoka nyumbani, aliitwa akae katikati. Mwalimu mkuu alipita siku moja, akasimama akawatazama, akaniambia, "Hili naliona." Nilijisikia vizuri siku nzima.

Msichana mgeni alikuja muhula ukiwa umeshashika kasi. Baba yake alikuwa askari magereza aliyehamishiwa Luzira kutoka kaskazini, na familia ilikuwa imechelewa kwa sababu ya kusubiri lori la kuhamisha vitu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye Kiswahili kizuri kuliko wote darasani. Nilipomkaribisha asubuhi ile, alijibu kwa heshima, akakaa dawati la mwisho, akaandika kila nilichosema.

Mchana alichukua sahani yake, akalipita baraza la maktaba, akaenda nyuma ya tangi la maji. Pale kuna jiwe pana, na kwa kuwa shule iko mlimani kidogo, mtu akikaa juu yake anaona ziwa kwa mbali na maboti yanayoingia na kutoka. Akakaa, akala taratibu.

Kiranja hakukubali. Alibeba sahani yake, akaenda kukaa kando ya jiwe.

"Kalibu sana," alimwambia, kwa ile l yake ya Kiganda ambayo sikuwahi kuishinda. "Sisi tunakula pamoja. Wewe ni lafiki yetu sasa."

Msichana mgeni alisema asante. Kesho yake alirudi pale pale, na kiranja akaja na wenzake wawili. Siku iliyofuata walikuja zaidi. Walimuuliza ametoka wapi, ana ndugu wangapi, kule kwao watu wanakula nini. Aliwajibu yote kwa upole. Kisha akahamia nyuma ya choo cha walimu, mahali pasipopendeza hata kidogo, wakamfuata huko pia. Nilipomuuliza kiranja, aliniambia wamepanga zamu, asikose mtu hata siku moja.

"Ana aibu tu, mwalimu. Mimi pia nilikuwa na aibu. Itaisha."

Nilimwamini. Nilikuwa nimeona watoto wengi wenye aibu, na wengi wao huzoea.

Baadaye mpishi wetu, mama ambaye huwajua watoto kwa sahani zao, aliniambia kuwa yule mrefu wa kidato cha pili hafiki tena jikoni. Nilimtafuta mchana, nikamkuta darasani peke yake, kichwa kimelala juu ya dawati.

"Huli?"

"Nimeshiba, mwalimu."

"Umekula nini?"

Aligeuza uso upande wa ukuta. Sikutaka kumbana. Nilimwambia mlango wangu uko wazi, maneno ambayo walimu husema wasipojua la kusema.

Asubuhi iliyofuata baba yake alikuja. Alikuwa bado na sare, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Watoto waliochelewa getini walipomwona walijipanga mstari bila kuambiwa. Nilimpa kiti kwenye chumba cha walimu, lakini alipenda kusimama.

"Mwalimu, habari ya asubuhi. Mimi ndiyo baba ya ule mutoto mupya. Mutoto anakataa kukula. Anasema watoto wa hapa wanamufuata-fuata."

"Wanamfanya nini, afande?"

"Hawamufanyi kitu. Wanakaa tu karibu yake." Alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. "Mimi pia nilimuuliza, sasa hiyo ni shida gani? Watu wanakukalisha vizuri, wewe unalia nini? Akaniambia, baba, wewe ukiwa nyumbani unalala tu."

Kisha akanieleza nyumba yake. Ilikuwa na chumba kimoja na sebule. Ndani walikuwemo yeye na mke wake, watoto wao, mama yake mzazi, na dada yake aliyekuja na wanawe watatu. Mama yake ni Mkatoliki na anasali rozari kwa redio. Mke wake ni Mwislamu na ana saa zake za swala. Yeye mwenyewe akitoka zamu hulala mchana, basi wote huambiwa wanyamaze.

"Lakini nani atanyamaza, mwalimu? Watoto wadogo wako pale. Huyu mukubwa ndiyo anabeba wote. Anaamuka wa kwanza, analala wa mwisho. Sasa amesema, ile saa ya kukula hapa shule ndiyo saa yake peke yake. Hana ingine."

Alivaa kofia yake tena. Nilimwona ameona haya kidogo, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake cha kulala mbele ya wageni.

"Mimi sitaki watoto wapigwe," alisema. "Hawakufanya mubaya. Wewe tu utaangalia."

Nilimshukuru, akaenda kulala.

Kipindi changu kilikuwa mwisho wa siku. Kabla ya hapo nilimwita msichana nje, nikamwambia baba yake amekuja, nikamuuliza kama angependa nizungumze na wenzake. Alifikiri sana.

"Zungumza wewe, mwalimu. Lakini wasijue ya nyumbani."

Basi nikaingia darasani, nikasema kwa maneno ya kuzunguka kuwa wapo watu ambao kukaa wenyewe kwao ni mapumziko, na kwamba lengo letu lisiwe mzigo kwa yeyote. Sikumtaja mtu. Darasa zima liligeuka kumtazama msichana mgeni.

Kiranja alisimama. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua.

"Kwa hiyo tulikuwa tunamsumbua?"

Nilifungua mdomo nijibu, lakini msichana mgeni alinitangulia. Alisimama pia, kule nyuma.

"Hamkunisumbua kwa ubaya," alisema. "Nyumbani kwetu tuko wengi. Nawapenda wote. Lakini hakuna mahali mtu anaweza kukaa asiitwe. Nikikaa pale nyuma ya tangi hakuna anayeniita. Nasikia kichwa changu mwenyewe."

"Mimi nilidhani unalia kwa ndani," kiranja alisema.

"Hapana. Nilikuwa naangalia maboti."

Hapakuwa na aliyecheka. Kiranja alikaa chini polepole, akaanza kukunja na kukunjua ukingo wa sketi yake. Nilimhurumia. Alikuwa amempa mgeni kile ambacho yeye mwenyewe alikitamani muhula mzima wa mwaka uliopita, na kumbe mwenzake alikuwa na njaa ya kitu kingine kabisa.

Mmoja akasema tufute lengo, tuchague la kuwahi. Wengine wakaunga mkono, nadhani kwa kuchoka. Kiranja akakataa.

"Tukifuta, yule wa viazi atarudi kujificha," alisema, na yule wa viazi akatazama dirishani. "Tubadilishe. Kabla ya kukaa na mtu, uliza. Akisema ndiyo, kaa. Akisema hapana, ondoka, lakini kesho uliza tena."

"Kesho tena?" aliuliza msichana mgeni.

"Baada ya wiki, basi."

Hapo walicheka, hata msichana mgeni. Tukaandika hivyo.

Ilinibidi nimweleze mwalimu mkuu. Nilimkuta akisaini ruhusa za safari, nikamwambia lengo la darasa langu limegeuka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kalamu.

"Sasa nikimwona mtoto amekaa peke yake," alisema, "nitajuaje kama ameachwa au amependa?"

"Hutajua kwa kuangalia, Madam."

Aliguna. "Basi nami itabidi niulize," akasema, akaendelea kusaini.

Na kweli aliuliza. Siku moja nilimwona amesimama karibu na tangi, mikono nyuma, akizungumza na msichana mgeni kwa sauti ya chini, kisha akaondoka akitembea polepole kuliko kawaida yake. Msichana alibaki kwenye jiwe lake na sahani iliyojaa. Alikuwa ameanza kunenepa kidogo. Mara moja moja, labda Ijumaa, alikuja mwenyewe kwenye mabenchi ya baraza, akakaa pembeni, akasikiliza hadithi za wenzake. Hawakumshangilia. Walisogea tu kumpa nafasi.

Muhula wa pili mama yake kiranja aliugua. Ilianza na kifua, watu wakasema ni moshi wa samaki, kisha akalazwa. Kiranja alikuwa akitoka shuleni kwenda hospitali, na kutoka hospitali kwenda kwa shangazi yake aliyempa pa kulala. Alifika kila siku, sare safi, lakini kicheko chake hakikusikika tena. Mchana alichukua chakula chake akaenda nyuma ya jiko, akakaa juu ya rundo la kuni. Wenzake walimwendea mmoja mmoja wakamuuliza kama sheria ilivyosema.

"Pole sana. Tukae?"

"Niacheni."

Wakamwacha. Walirudi barazani hawajui la kufanya, maana waliahidi kuondoka wakiambiwa hapana, na aliyeiandika ahadi hiyo ndiye aliyekuwa amekaa kule peke yake. Mimi mwenyewe nilimwita nikazungumza naye. Alinijibu vizuri, akanishukuru, akarudi kwenye kuni zake. Nilimpelekea mama yake uji na machungwa hospitalini. Mama alinishika mkono akaniuliza kama mwanawe anakula. Nikamwambia anakula.

Dirisha la chumba cha walimu linaangalia jikoni. Siku moja nikiwa nasahihisha madaftari, nilimwona msichana mgeni akitoka kwenye foleni na sahani yake. Hakuelekea kwenye tangi. Alizunguka jiko, akafika kwenye rundo la kuni, akakaa upande wa pili, mbali kidogo, amemgeuzia kiranja bega. Hakumuuliza kitu. Hakusalimia. Alikula ugali wake akitazama ukuta wa jiko, ambao hauna chochote cha kutazama ila masizi.

Nilitaka kuona kama atafukuzwa. Kiranja aligeuka akamwangalia, akaendelea kula. Walipomaliza, msichana mgeni alichukua sahani zote mbili, akaenda kuziosha bombani.

Iliendelea hivyo. Nilikuwa nachelewa kwenda kula chakula changu ili niwaone, na mwenzangu wa hisabati akanitania kuwa nimekuwa askari wa jikoni. Kwa muda mrefu hawakuzungumza. Halafu siku moja nikaona midomo ya kiranja inatembea. Aliongea sana, mkono mmoja umeshika tonge ambalo halikufika mdomoni. Mwenzake alikuwa ametulia, amemgeukia sasa uso kwa uso, akiitikia kwa kichwa. Kengele ililia wakaendelea kukaa. Nilikuwa na kipindi nao. Nilipanga vitabu vyangu, nikavipangua, nikavipanga tena, nikaingia darasani nimechelewa, nao wakaingia nyuma yangu.

Alichomwambia sikukijua, na sikuuliza.

Mama yake alipona. Alitoka hospitali amekonda, ameambiwa akae mbali na moshi, akaanza kuuza samaki wabichi badala ya wale wa kukausha. Kiranja alirudi barazani na sauti yake. Siku ya kwanza aliyocheka vile alivyokuwa akicheka zamani, mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini.

Kikao cha kufunga mwaka, mwalimu mkuu alituzungukia akiuliza kila mlezi kuhusu lengo la darasa lake. Kidato cha tatu waliahidi uwanja ufagiliwe kabla ya kengele, na ulifagiliwa. Kidato cha kwanza waliahidi kuja na vitabu vyote, wakaja na nusu. Zamu yangu ilipofika niliona vigumu kusema kama tumefaulu. Nilisema watoto wamekula, na kwamba wanajuana kuliko mlezi wao anavyowajua.

"Nimewaona," mwalimu mkuu alisema, akapita kwa mwingine.

Mwaka uliofuata darasa lile lilipanda kidato cha tatu, likawa la mwalimu wa hisabati. Baba yake msichana alipangiwa nyumba kubwa kidogo, yenye chumba ambacho msichana analala na bibi yake tu, na redio ya bibi. Nilisikia hayo kutoka kwa kiranja, aliyekuwa ameshafika huko mara kadhaa na kulishwa vizuri. Mimi nilipewa kidato cha pili kipya. Nikasimama mbele yao na chaki, nikawauliza wanataka lengo gani ambalo mtu akipita uani ataliona. Walibishana kipindi kizima, wakakubaliana kwamba kila mmoja aje na kijiko chake mwenyewe, kwa sababu vijiko vya shule havikutosha na walikuwa wamechoka kusubiriana.

Nikaliandika ubaoni kama walivyolisema.